Hisa za CRDB, NMB au KCB: ulinganisho kwa anayetaka kuwekeza katika benki za ukanda wetu

Mapema mwaka 2025 shangazi yangu, mwalimu mstaafu wa Tanga, alinipigia simu. Alikuwa ametenga shilingi milioni moja kutoka kwenye kiinua mgongo chake, na alitaka kuiweka katika hisa za benki. "Mwanangu," aliniuliza, "hisa moja ya CRDB ni mamia ya shilingi na ya NMB ni maelfu. Si ninunue iliyo rahisi nipate nyingi?" Jirani yake alikuwa amemshauri aachane na zote mbili anunue KCB ya Kenya, kwa kuwa ina matawi katika nchi nyingi. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili yake, na kwa yeyote aliyekwama kati ya benki hizi 3. Takwimu nilizotumia ni za mwaka wa fedha 2024 na miaka iliyotangulia, isipokuwa pale nitakapotaja vinginevyo.

Vigezo kwanza

Naweka vigezo kabla ya kuzichambua benki, kwa sababu mtu akianza na benki anayoipenda huishia kutafuta sababu za kuipenda zaidi. Nimechagua 5. Cha kwanza ni ubora wa mikopo, yaani ni kiasi gani cha fedha kilichokopeshwa hakirudi kwa wakati. Cha pili ni faida na gharama za kuipata. Cha tatu ni gawio, yaani sehemu ya faida wanayolipwa wanahisa, na hapa jambo la kuangalia ni lililotokea katika mwaka mbaya zaidi kuliko lililotokea katika mwaka mzuri. Cha nne ni bei ya hisa ikilinganishwa na faida ya kila hisa. Cha tano ni urahisi wa kuuza siku unapohitaji fedha, pamoja na hatari inayotokana na nchi na sarafu ambamo benki inafanyia kazi.

Kuna jambo moja linalozihusu zote 3. Amana iliyoko benki inalindwa na Bodi ya Bima ya Amana, ambayo kwa Tanzania hulipa hadi shilingi milioni 7.5 kwa mwenye amana. Hisa hazina kinga hiyo. Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilipofunga benki 5 ndogo kwa sababu ya upungufu wa mtaji, wenye amana walikuwa na mahali pa kuanzia kudai. Mwanahisa husimama mwisho kabisa wa foleni. CRDB, NMB na KCB haziko karibu na hali hiyo, lakini anayenunua hisa za benki anapaswa kujua nafasi yake ni ipi.

Zilikotoka na wanaozimiliki

CRDB ilizaliwa mwaka 1996 kutokana na ubinafsishaji wa Benki ya Ushirika na Maendeleo Vijijini, na iliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam Juni 2009, ikiuza hisa kwa shilingi 150. Ina hisa takriban bilioni 2.61. Mwanahisa mkubwa ni mfuko wa uwekezaji wa DANIDA, shirika la maendeleo la Denmark, na nyuma yake iko mifuko ya hifadhi ya jamii pamoja na maelfu ya wananchi wa kawaida. Ina benki tanzu Burundi tangu 2012, na mwaka 2023 ilifungua nyingine Kongo, makao yake yakiwa Lubumbashi.

NMB ilitokana na kugawanywa kwa Benki ya Taifa ya Biashara mwaka 1997. Mwaka 2005 serikali iliuza 49% ya hisa kwa kundi lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi, na mwaka 2008 wananchi walipewa nafasi ya kununua kwa shilingi 600 kwa hisa. Ina hisa milioni 500 tu. Kampuni ya uwekezaji ya Arise inashikilia karibu 35% na serikali karibu 32%. Katika miaka ninayoijadili hapa biashara yake imekuwa Tanzania peke yake.

KCB ndiyo kongwe: mizizi yake ni tawi lililofunguliwa Mombasa mwaka 1896. Leo ina hisa takriban bilioni 3.21, Hazina ya Kenya ikiwa na karibu sehemu ya tano, na biashara yake imesambaa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na Kongo, ambako ilinunua 85% ya Trust Merchant Bank mwishoni mwa 2022.

Ubora wa mikopo

Hiki ndicho kigezo ninachokipa uzito kuliko vyote. Duka likikosea kununua bidhaa, hasara inaonekana mwezi ule ule. Benki inaweza kukopesha vibaya leo na kuonyesha faida nzuri kwa miaka 2 kabla ukweli haujajitokeza. Mkopo huitwa chechefu marejesho yanapochelewa siku 90 au zaidi, na benki hulazimika kutenga sehemu ya mapato yake kufidia hasara inayotarajiwa. Fedha hizo hutoka katika faida ambayo ingelipa gawio.

CRDB ni mfano mzuri wa namna jambo hili linavyofanya kazi. Mwaka 2015 ilipata faida ya takriban shilingi bilioni 129 baada ya kodi. Mwaka 2016 ikawa bilioni 74, na mwaka 2017 ikashuka hadi karibu bilioni 36, kwa kuwa mikopo chechefu ilikuwa imepita moja ya kumi ya mikopo yote. Matawi yalikuwa yale yale na wateja hawakukimbia. Kilichobadilika ni kwamba uchumi ulikaza, wakopaji wakubwa wakachelewa kulipa, na fedha za kufidia hasara zikameza faida. Ilichukua miaka kadhaa kusafisha vitabu. Katika miaka ya karibuni uwiano huo umeshuka chini ya 5%, kiwango ambacho Benki Kuu inataka mabenki yasikivuke.

NMB ilipita katika kipindi hicho hicho, na faida yake ilipungua kutoka takriban bilioni 154 mwaka 2016 hadi karibu bilioni 93 mwaka 2017, lakini haikuporomoka kama ya mwenzake. Sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni aina ya wakopaji. Sehemu kubwa ya mikopo ya NMB iko kwa watumishi wa umma ambao mishahara yao hupitia benki hiyo, na marejesho hukatwa kabla mkopaji hajaigusa fedha. Mikopo ya namna hiyo ni salama maadamu mwajiri, yaani serikali, analipa mishahara kwa wakati. Mikopo chechefu ya NMB nayo kwa sasa iko chini ya 5%.

Kwa KCB picha ni tofauti sana. Mwaka 2024 takriban sehemu ya tano ya mikopo ya kundi zima ilikuwa chechefu. Ni haki kusema kwamba mabenki ya Kenya kwa jumla yalikuwa na mzigo mzito wakati huo, wastani wa sekta ukiwa umepita 16%, huku riba zikiwa juu na serikali ikichelewa kuwalipa wakandarasi. Hata hivyo KCB ilikuwa juu ya wastani huo. Anayeinunua ananunua pia matumaini kwamba sehemu ya mikopo hiyo itarudi, na huenda ikarudi, ila huo ni uwekezaji wa aina nyingine.

Faida na gharama

Kwa mwaka 2024 CRDB ilipata faida ya takriban shilingi bilioni 551 baada ya kodi, NMB takriban bilioni 643, na KCB takriban shilingi za Kenya bilioni 61.8, baada ya bilioni 37.5 mwaka 2023.

Katika gharama NMB imefanya kazi nzuri zaidi. Kwa kila shilingi 100 za mapato imekuwa ikitumia chini ya 40 kujiendesha, wakati CRDB imekuwa ikitumia zaidi ya hapo ingawa imeshuka chini ya 50. Mawakala na simu za mkononi ndivyo vilivyosaidia zote mbili. CRDB ina mzigo wa kujenga benki changa Kongo, na mzigo huo huanza na hasara au faida ndogo kabla ya kuleta matunda. KCB kwa upande wake huendesha nchi 7, zenye sheria 7 na mifumo 7.

Gawio

Hapa mwanahisa mdogo huyaona mambo kwa macho yake. CRDB ililipa shilingi 10 kwa hisa kwa mwaka 2016 na shilingi 5 tu kwa mwaka 2017. Kisha likapanda: 22 kwa mwaka 2020, 36 kwa 2021, 45 kwa 2022, 50 kwa 2023 na 65 kwa 2024. NMB ilishuka kutoka 104 hadi 64 katika miaka ile ile migumu, na kwa mwaka 2024 ililipa shilingi 428.85. Zote mbili zimezoea kugawa karibu theluthi moja ya faida, mara moja kwa mwaka, baada ya Mkutano Mkuu. Ukitaka kukadiria gawio la mwakani, chukua faida ya mwaka, igawanye kwa 3, kisha kwa idadi ya hisa. Hutakosea sana.

KCB haitabiriki kwa urahisi huo. Ililipa shilingi 3 za Kenya kwa mwaka 2021, 2 kwa 2022, na kwa mwaka 2023 haikulipa chochote, ingawa ilikuwa na faida, kwa sababu ilitaka kulinda mtaji. Kwa 2024 ilirudi kwenye 3, ikiwa imegawa karibu moja ya sita tu ya faida. Agosti 2025 ilitangaza shilingi 2 za gawio la kati, yaani linalolipwa kabla mwaka haujaisha, na nyingine 2 za gawio maalumu, baada ya kuiuza National Bank of Kenya. Anayeishi kwa kutegemea gawio ajiulize kama angevumilia mwaka mzima bila kitu.

Kodi ya zuio kwa gawio la kampuni zilizoorodheshwa Tanzania ni 5%, na hukatwa kabla fedha hazijakufikia.

Bei: swali la shangazi

Nilikaa na shangazi mezani na karatasi moja. Tulichukua bei za mfano, 700 kwa CRDB na 5,600 kwa NMB, bila kuhesabu ada ya dalali. Kwa shilingi milioni moja angepata hisa 1,428 za CRDB au 178 za NMB. Kwa gawio la mwaka 2024, CRDB ingempa 92,820, yaani 88,179 baada ya kodi. NMB ingempa takriban 76,335, yaani 72,518 baada ya kodi.

"Basi nilikuwa sahihi," alisema. Jibu lilikuwa sahihi, lakini njia aliyotumia kulifikia haikuwa sahihi. Tuligawanya faida ya kila benki kwa idadi ya hisa zake: CRDB shilingi 211 kwa hisa, NMB 1,287. Kwa bei ya 700 unalipa mara 3.3 ya faida ya mwaka. Kwa 5,600 unalipa mara 4.4. Hapo ndipo CRDB ilipokuwa rahisi. Kisha nikamwomba afikirie CRDB imepanda hadi 1,400 na NMB imebaki pale pale. Hisa ya CRDB bado ingeonekana ndogo mbele ya 5,600, ila mnunuzi angekuwa analipa mara 6.6 ya faida, na gawio la 65 lingekuwa 4.6% tu ya fedha yake, wakati NMB ingempa karibu 7.7%. Aliyapitia mahesabu mara 2 kwa kalamu yake nyekundu ya ualimu, akapiga mstari chini ya 6.6.

Tukaiweka na KCB. Kwa bei ya mfano ya shilingi 40 za Kenya na faida ya karibu 19 kwa hisa, mnunuzi analipa mara 2.1 tu. Kwa kipimo hiki ndiyo rahisi kuliko zote, na jirani hakukosea kuitazama. Lakini urahisi huo una maelezo: soko linaiona mikopo chechefu, linakumbuka mwaka usio na gawio, na linajua faida nyingi hubaki ndani ya benki. Ukiamini matatizo hayo yanatatulika, bei hiyo ni fursa. Usipoamini, ni onyo.

Kuuza, nchi na sarafu

Hisa za CRDB hununuliwa na kuuzwa karibu kila siku ya soko, kwa kuwa ziko nyingi na zimetawanyika kwa watu wengi. Anayetaka kuuza chache hupata mnunuzi bila kusubiri sana. Za NMB ni adimu zaidi, kwani theluthi mbili ziko kwa wanahisa wawili ambao hawauzi, na katika miaka ya nyuma bei yake iliwahi kukaa miezi mingi bila kusogea. Bei iliyokaa kimya hivyo mara nyingi humaanisha kwamba biashara haikufanyika. KCB imeorodheshwa Dar es Salaam pia tangu 2008, lakini huko mauzo yake ni ya nadra mno. Mwenye nia huzinunua Nairobi, kupitia dalali wa Kenya, ambako zina wanunuzi na wauzaji wengi.

Ukinunua Nairobi unabeba pia shilingi ya Kenya. Januari 2024 ilikuwa karibu 160 kwa dola, na ndani ya mwaka huo ikaimarika hadi karibu 130. Mtanzania aliyenunua KCB iliposhuka chini ya 25 mwishoni mwa 2023, akaishikilia ilipokaribia 40 mwishoni mwa 2024, alipata faida mara 2, ya bei na ya sarafu. Aliyenunua mwishoni mwa 2021 ilipokuwa juu ya 40, akalazimika kuuza mwishoni mwa 2023, alipata hasara mara 2.

Kongo inahitaji neno lake. Ni soko kubwa ambalo watu wengi hawana akaunti ya benki, biashara ya Lubumbashi na Kolwezi inaendeshwa na madini, na mizigo yake mingi hupitia bandari ya Dar es Salaam, kwa hiyo CRDB inawafuata wateja inaowajua tayari. Lakini Januari 2025 mapigano yalipofika Goma benki za mji huo zilifunga milango, na hilo lilikuwa ukumbusho wa aina ya hatari inayobebwa na kila benki iliyoko mashariki ya nchi hiyo. KCB imeingia Kongo kwa uzito kuliko CRDB. NMB haina hatari hiyo, wala haina sehemu katika ukuaji huo.

Inamfaa nani

CRDB inamfaa anayetaka kuingia na kutoka bila usumbufu, anayekubali kwamba benki hii ilishawahi kuyumba, na anayeuona upanuzi wa Burundi na Kongo kuwa sababu ya kusubiri. NMB inamfaa anayetaka gawio linalofuata faida kwa utaratibu, kutoka katika benki yenye gharama ndogo na wakopaji wanaoeleweka, na ambaye hataumia ikimbidi kusubiri mnunuzi. KCB inamfaa mwenye kipato kingine, anayefuatilia habari za Kenya, na anayetafuta ukuaji wa thamani zaidi kuliko fedha ya kila mwaka.

Uamuzi kulingana na hali yako

Kama fedha hiyo ni ya ada ya shule au matibabu ndani ya miezi 12, usinunue hata moja kati ya hizi 3. Amana ya muda maalumu inakutosha, hata kama riba yake inaonekana ndogo.

Kama umestaafu na unataka kipato cha kila mwaka, linganisha kwanza na hatifungani za serikali za muda mrefu, yaani fedha unayoikopesha serikali, ambazo hulipa riba mara 2 kwa mwaka na kiasi chake unakijua tangu siku ya kununua. Ukitaka hisa juu ya hapo, kokotoa gawio la NMB na la CRDB kwa bei ya siku hiyo, kama tulivyofanya mezani, na uchukue linalolipa zaidi kwa shilingi yako, mradi mikopo chechefu ya benki hiyo haijapanda kwa robo 2 mfululizo.

Kama una umri wa miaka 20 au 30 na unaweka kidogo kidogo kila mwezi, CRDB ni rahisi kununua kwa vipande vidogo. Unaweza kuchanganya na NMB kila unapokusanya kiasi cha kutosha.

Kama unaishi Kenya na mapato yako ni ya Kenya, KCB haina kwako hatari ya sarafu niliyoitaja, na uzito wa uamuzi unabaki kwenye mikopo. Linganisha uwiano wake wa mikopo chechefu na wa benki nyingine za Nairobi kabla ya kuvutwa na bei.

Kama tayari una mkopo kwenye benki moja kati ya hizi, mshahara wako unapitia hapo, na akiba yako iko hapo, nunua hisa za nyingine.

Shangazi aligawanya milioni yake kati ya CRDB na NMB, akanunua kwa mikupuo 2 iliyoachana miezi 3. Sasa kila robo mwaka benki zinapochapisha taarifa za fedha gazetini, hukata ukurasa, hutafuta mstari wa mikopo chechefu, na kuuzungushia duara nyekundu kabla ya kusoma mstari wa faida.